Fundi Hana Kosa, Mwiko Umeuloweka Mwenyewe

Msomaji mmoja kaniandikia juzi kwa hasira. Kanunua mwiko wa mninga, haujamaliza mwezi umepasuka kutoka kichwani hadi mpinoni, na fundi ni tapeli. Nikamuuliza, unauoshaje? "Unalala kwenye beseni na masufuria, asubuhi dada anauanika juani." Basi fundi hana kosa, mpenzi. Na ufa wa hivyo hauzibiki: unga unaingia, unachachia humo humo. Nunua mwingine.

Mti hata ukichongwa bado unakunywa maji. Ukilowa usiku kucha unavimba. Ukianikwa juani, nje kunakauka na kusinyaa wakati ndani bado kumevimba. Hapo lazima upasuke.

Mwiko wangu alinipa mama mkwe nilipoolewa mwaka 2009, na hadi leo unasonga ugali wa ukoo mzima. Wageni hudhani nimeununua wiki iliyopita, nami siharakishi kuwasahihisha. Siri? Nikishapakua tu nauosha, maji ya uvuguvugu na dodoki, nafuta, nausimamisha kwenye kopo kivulini, kichwa juu. Stiliwaya haiugusi. Ukianza kukwaruza, napitisha msasa laini kufuata nyuzi za mti. Ukipauka, napaka mafuta ya nazi usiku, asubuhi nafuta yasiyoingia. Alizeti hapana, hunata, kisha hunuka.

Kinachoniuma ni kibao cha chapati. Wifi yangu alikuja likizo, akakitumbukiza kwenye beseni la vyombo mpaka asubuhi. Kikapinda, chapati zikawa zinatoka nene upande mmoja. Nilipomwambia akacheka: "Wifi, si mti tu huo? Kariakoo vimejaa." Kweli vimejaa. Siku hizi akija, chapati tunanunua.

Lakini ndivyo tulivyo. Sufuria ya laki tunaifunga kwa kitambaa, kinu cha kuchongwa kwa mkono tunakiacha uani kinyeshewe, halafu tunashangaa kina ukungu. Kinu kikinuka kitunguu saumu, kisugue kwa ndimu na chumvi, kisuuze, kilaze ubavu penye upepo. Usiloweke, jamani. Osha, futa, kivulini. Nimesema mara ngapi?

Na dada wa kazi usimfokee kwa jambo ambalo hukumfundisha. Mwonyeshe siku ya kwanza, kabla hujamwonyesha rimoti.