Diski ya ndani isiyo na kelele kwa kompyuta ya sebuleni

Ndugu, umeuliza uchague diski gani ya TB 4 kwa kompyuta inayokaa sebuleni ikiwa imewashwa usiku na mchana, isiyopiga kelele wala kula umeme mwingi. Chukua ya inchi 3.5 inayozunguka mara 5,400 kwa dakika badala ya 7,200, kwa kuwa haipati joto sana na kasi yake inatosha kabisa kwa picha na filamu. Kwa kompyuta isiyozimwa, tofauti ya wati 3 tu hufikia takriban yuniti 26 za umeme kwa mwaka.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ndilo ninalokusihi ulichunguze kabla ya kulipa, ni namna diski inavyoandika data. Zile za SMR hupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha data kidogo kwaweza kulazimu mistari jirani iandikwe upya, na diski ikaendelea kukwaruza hata baada ya wewe kumaliza kunakili. Kwa diski za kampuni ya Western Digital (WD), WD Red yenye namba WD40EFAX ni SMR, ilhali WD Red Plus yenye namba WD40EFPX ni CMR, yaani mistari yake haipandani, nayo ndiyo unayoitaka; majina yanakaribiana mno, basi soma lebo herufi kwa herufi.

Muungurumo mwingine hutokana na kasha lenyewe kutetemeka, kwa hiyo weka vipande vya mpira kati ya diski na fremu. Kama TB 1 inakutosha, nunua SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, maana haina sauti yoyote.