Watu wa Lewiston si wabaya, ni wakimya

Dada, umesema mumeo amepata kazi Lewiston, mji wa jimbo la Maine huko Marekani, na unaogopa kuhama na watoto kwa sababu umeambiwa mji umepoa na wenyeji hawasalimii. Kupoa umepoa kweli. Una watu kama 37,000 tu, na Januari ikifika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia.

Ila usiwahukumu mapema. Mtu wa Maine hana maneno mengi kwa asiyemjua, lakini theluji ikifukia gari lako anaweza kuja na koleo lake, mkachimba wote, kisha akaenda zake bila hadithi. Anza wewe kumsalimia, mtajie jina lako.

Wengi ni wajukuu wa watu wa Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Wazee wao nao walidharauliwa kwa lugha na dini yao. Baadhi ya vikongwe bado wanazungumza Kifaransa, kwa hiyo hicho chako cha Bujumbura usikifiche, kitakufungulia milango.

Wasomali walianza kuhamia mwaka 2001. Mwanzoni palikuwa na maneno makali, sitakuficha. Lakini mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya mji, iliyojaa watoto wa wakimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo na mji mzima ukashangilia. Wanao wakipenda mpira, waandikishe mapema. Ukikaa pembeni ya uwanja na wazazi wengine ndipo utakapowazoea.

Nunua viatu vya theluji kabla ya Novemba.