Manowari, mizinga na dhahabu ya Wajerumani: maswali yenu ya mwezi huu

Ni kweli manowari ya Königsberg ilizama Rufiji ikiwa na masanduku ya dhahabu, na ramani ya mahali penyewe ipo? (Msomaji, Kibiti)

Hakuna dhahabu. Swali hili haliishi kuja, safari nyingine likiwa na picha ya ramani iliyochorwa juzi na kupakwa chai ionekane ya kale. Königsberg, manowari ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, ilijificha kwenye delta ya Rufiji Septemba 1914 kwa sababu mashine zake ziliharibika na makaa ya mawe yalikuwa yanakwisha. Mabaharia wake walikaa humo karibu miezi kumi, malaria ikiwamaliza. Baada ya kuilipua wenyewe Julai 1915, walirudi wakang'oa mizinga yote kumi. Mtu apate nafasi ya kung'oa mzinga wa chuma kutoka kwenye tope, halafu aache dhahabu? Mabaki yalikatwa na kuuzwa kama chuma chakavu miaka ya 1920, na tena miaka ya 1960.

Hili la pili hamkuliuliza lakini nalisema. Anayekuuzia ramani ya dhahabu ya Mjerumani ni tapeli, hata akiwa binamu yako. Na ukikuta kombora la kale shambani au mtoni, usiligonge, usilikate, usilibebe nyumbani kusubiri mnunuzi wa vyuma. Kombora lililokaa ardhini miaka mia bado linaweza kuua. Weka watoto mbali, ita polisi.

Je, Königsberg ilizamishwa na ndege? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ndege haikuizamisha, ila bila ndege isingepigwa. Meli ilikuwa ndani ya mito yenye mikoko pande zote, milingoti imefunikwa matawi, na manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi. Novemba 1914 walimleta rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini. Aliiona meli kutoka angani. Mwezi uliofuata ndege ikaanguka na yeye akatekwa. Zikaja Sopwith, joto la pwani likazishinda. Januari 1915 Waingereza wakakitwaa kisiwa cha Mafia na kukifanya kituo cha ndege.

Kazi ilikamilika zilipofika Severn na Mersey, manowari mbili za mtoni zilizotengenezwa kwa ajili ya Brazil, zenye kina kifupi mno. Wapiga mizinga wake hawakuwa wanaiona Königsberg hata kidogo. Ndege ilizunguka juu ikituma ishara za redio: umepita mbali, umepungukia, sogeza kushoto. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 Julai walirudi, na ndege ya rubani Cull na mwenzake Arnold ikapigwa. Ikiwa inashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha mpaka wakatumbukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa. Nahodha Looff wa Königsberg hakuwa na njia tena, akaamuru meli yake ilipuliwe kwa topido.

Hapo ndipo wengi wenu mnapoishia, na ndipo mimi ninapotaka muanze. Mashine zilipoharibika mwaka 1914, vipande vizito vya chuma viliburutwa kwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi. Waliovivuta ni Waafrika, mamia kwa kamba, kwenye tope na mchanga. Baada ya meli kufa, wakavuta na mizinga. Mizinga hiyo ikafungwa magurudumu Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, na kila ilipohama ilihitaji mabega mapya ya kuivuta. Naletewa maswali kuhusu unene wa chuma cha Königsberg na spidi yake. Sijaletewa hata moja likiuliza wavutaji wale walilishwa nini na walizikwa wapi. Wenye wazee Rufiji, Kilwa na Lindi, waulizeni, muandike.

Nani angeshinda, Bismarck au Yamato? (Wasomaji kadhaa, tena)

Bismarck ya Wajerumani ilizama Mei 1941, Yamato ya Wajapani ikaanza kazi Desemba 1941. Tuendelee.

Pegasus ilikuwa na nafasi gani Zanzibar? (Msomaji, Unguja)

Haikuwa nayo. Asubuhi ya 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Waingereza ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa boila, na Königsberg ikasimama mbali ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Dakika chache tu, ikawa imekwisha. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani, ng'ambo ya mji. Na mizinga yake pia ilitolewa majini ikapelekwa vitani, kwa hiyo ndugu zetu wa upande wa pili nao walivuta. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mzinga wa Königsberg na wa Pegasus. Ishike kwa mkono, upime mwenyewe uzito wa kuuburuta mmoja hadi Masasi.

Boti za Mimi na Toutou ndizo zilizoizamisha MV Liemba? (Msomaji, Kigoma)

Hapana, na mtu wa Kigoma hastahili kukosea hili. Mimi na Toutou, boti mbili ndogo za kivita za Waingereza, zililetwa kutoka Cape Town kwa treni, zikavutwa kuvuka milima ya Mitumba huko Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Ziliiteka Kingani ya Wajerumani tarehe 26 Desemba 1915, na Mimi ikashiriki kuizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, hazikuigusa: kamanda wao Spicer-Simson aliiona akakataa kuikabili. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mashine zikiwa zimepakwa grisi nzito ili siku moja ifufuliwe. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina mnalolijua.

Zepelini ya Wajerumani ilitua Mahenge? (Msomaji, Ifakara)

Haikufika. Zepelini hiyo, puto kubwa lenye injini lililoitwa L59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, 21 Novemba 1917, ikageuzwa ikiwa juu ya Sudan, ikarudi ilikotoka baada ya saa 95 hewani.

Babu yangu alikuwa askari wa mizinga vita ya Hitler. Marehemu nyanya alisema alipanda meli Mombasa asirudi. Ilikuwa meli gani? (Msomaji, Kitui)

Pole sana. Kama ni Februari 1944, basi karibu hakika ni Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika chache, wengi wakiwa ndani. Walikufa watu 1,297. Manowari Petard ya Waingereza ikashusha mabomu ya kuiwinda nyambizi ile huku manusura wakiwa bado wanaelea, na baadhi yao wakafa kwa mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi ilizamishwa siku hiyohiyo.

Zaidi ya wenzake 600 wametajwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bila malipo, kwa hiyo usimlipe wakala yeyote. Tafuta jina lake kwa kila tahajia unayoweza kufikiria, maana makarani wa jeshi waliandika majina ya watu wetu walivyosikia.