Kidonda kimefunga, mbona bado panaunguza?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Naendesha bajaji huku Mbagala. Wiki saba zilizopita nilifanyiwa operesheni ya henia, upande wa kulia. Mshono umefunga, na daktari aliyenipasua kaniangalia akasema pako safi. Lakini suruali ikigusa tu panaunguza mpaka kwenye paja. Nyumbani wanasema nadeka. Je, kuna kitu kimesahaulika ndani? Na barabarani nirudi lini?

JIBU: Hudeki, ndugu yangu. Na kwa maelezo yako, sidhani kama kuna kilichosahaulika.

Nyama ikikatwa, eneo lile hutoa kemikali, zikiwamo prostaglandini, ambazo huzifanya ncha za mishipa ya fahamu zishtuke kwa jambo dogo. Hali hiyo hupoa kadiri kidonda kinavyofunga. Tatizo lako nadhani limepanda juu zaidi, kwenye uti wa mgongo. Taarifa za maumivu zikimiminika huko mfululizo, seli zinazozipokea hubadilika. Vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo siku zote huzibwa na magnesiamu, hufunguka, kalsiamu huingia, na seli huanza kuitikia kwa kishindo hata taarifa ndogo. Ni mambo ya kigodoro: anayeshika maiki hajapaza sauti, ila amplifaya imefunguliwa hadi mwisho na mtaa mzima haulali. Suruali inatuma taarifa ya mguso tu. Wewe unapokea moto. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akiwa London, alionyesha kwa panya kwamba jeraha la mguu hubadilisha utendaji wa uti wa mgongo wenyewe.

Ubongo nao una mkono wake. Kutoka kwenye shina la ubongo kuna njia zinazoshuka hadi uti wa mgongo, na zinaweza kuyapunguza maumivu au kuyaongeza. Kukesha ukiwaza hesabu ya tajiri huzisukuma upande wa kuongeza. (Simaanishi kwamba maumivu ni ya kufikirika. Maneno hayo nawaachia mashemeji.)

Jipime hivi. Chukua kipande cha pamba, anza katikati ya paja, panda taratibu kuelekea kwenye mshono. Pale pamba inapoanza kuunguza, weka alama ya kalamu. Rudia kutoka tumboni, kisha kutoka pembeni. Mduara ukizidi sana mshono, mfumo wa fahamu umekuza mambo. Ukikuta na sehemu yenye ganzi, huenda mshipa wa fahamu umeguswa, maana kwenye kinena ipo inayopita palepale wanapotengeneza henia. Mshipa huo unaweza kuwa umevutwa, umekatwa au umebanwa na uzi au na wavu unaowekwa kuziba henia. Piga picha michoro hiyo, mwonyeshe daktari wako. Itamsaidia kuliko kusema "panauma".

Kuhusu dawa, diklofenaki kila siku kwa wiki nyingi huumiza tumbo na figo, na haifiki sana kwenye tatizo la aina hii. Tramado ya kununua kimyakimya dukani ndiyo naipinga kabisa: dawa za jamii hiyo zina uraibu, na zikitumika muda mrefu zinaweza zenyewe kuongeza maumivu. Muulize daktari kuhusu amitriptilini ya dozi ndogo usiku, dawa ya sonona ambayo pia hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Wakati huohuo izoeshe ngozi: dakika chache, mara kadhaa kwa siku, papase kwa kanga iliyochakaa, siku zikienda hamia taulo, halafu jinzi. Tembea pia. Maumivu ya baada ya upasuaji huitwa sugu yakipita miezi 3, kwa hiyo nafasi bado unayo.

Homa, usaha, uvimbe unaokua au korodani kuvimba: nenda hospitali leo leo.

Bajaji sasa. Breki yake inakanyagwa kwa mguu wa kulia, upande uleule uliopasuliwa. Ikiwa imeegeshwa, kanyaga ghafla, kwa nguvu, mara kadhaa. Mguu ukisita hata kidogo kwa kuogopa maumivu, usipakie abiria. Usiposita, na daktari wako akiridhia, anza na safari fupi za humohumo Mbagala, ukikwepa barabara zenye mashimo.