Jangwani lakini mbebe jaketi: jibu kwa mama anayekwenda Swakopmund

SWALI: Jambo papa. Bwana yangu ana mzigo unaofika bandarini Walvis Bay, Namibia, na safari hii tunataka twende wote pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 11, tulale siku chache Swakopmund, mji wa pwani jirani. Tulipanga likizo ya Pasaka, mwezi wa nne. Sasa kuna komisioneri, dalali wa safari, anatuambia tungoje mwezi wa kumi, eti ndiyo vuli, yaani majira ya kutoka joto kwenda baridi, joto la jangwa linakuwa limepungua. Simu yangu inaonyesha Namibia digrii 30, kwa hiyo nimenunua nguo nyepesi tupu. Wengine wanasema kule ni ukungu kila siku, hatutaona kitu. Tufuate lipi? Huyo komisioneri anasema pia kadi za njano, zile za chanjo ya homa ya manjano, atatutengenezea yeye, tusijisumbue kwenda kuchanjwa. (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, bakieni na Pasaka. Karatasi za bandarini bwana yako anazijua, na barabara ya Kasumbalesa, Lusaka mpaka Katima Mulilo nadhani anaijua pia, sitaingia humo. Nitakaa kwenye hii habari ya vuli na joto la jangwa, maana kila mwaka naletewa mezani programu za safari zenye kosa lilelile, na anayelipia kosa hilo si aliyeliandika.

Komisioneri wako amekuuzia kalenda ya Ulaya. Kule Paris na Bruxelles vuli ni mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja. Namibia iko kusini ya ikweta kama sisi, tena kusini zaidi yetu, na vuli yake ni mwezi wa tatu, wa nne na wa tano. Jambo hili mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa. Mwezi wa nne mvua zetu zinaaga, mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunatafuta makoti, mwezi wa kumi tunaungua huku tukiangalia mawingu yanayokataa kunyesha. Mtu anayetoka jasho mwezi wa kumi katikati ya soko la Kenya hapa Lubumbashi anawezaje kukuambia kwamba huo ndio mwezi ambao kusini kunaanza kupoa? Anaweza, kwa sababu hakufikiri. Alifungua ukurasa wa Kifaransa ulioandikiwa Wafaransa, akanakili.

Halafu, bila kujua, amekosea mara ya pili kwa upande mwingine. Bara la Namibia, kule Windhoek, mwezi wa kumi ni joto kweli. Ufukweni hapana. Bahari huchelewa kupoa na huchelewa kupata moto. Swakopmund miezi yenye vuguvugu zaidi ni wa pili na wa tatu, na yenye baridi zaidi ni wa nane na wa tisa. Mwezi wa kumi maji bado hayajaamka: mchana mnapata digrii 18 au 19 tu. Mwezi wa nne mchana unazunguka 20 na kidogo, usiku kama 14. Kwa hiyo angewatoa kwenye mwezi wetu wa joto kali kuliko yote, na nguo zenu nyepesi, akawapeleka kutetemeka, na kuwaambia ni jangwa.

Neno hilo "jangwa" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu wakisikia jangwa, kichwani wanaona jua, ngamia na kiu. Jangwa maana yake ni mahali pasiponyesha, basi. Swakopmund mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 20. Sisi Lubumbashi tunapata kama 1,200. Ila ukavu huo hauletwi na joto, unaletwa na baridi. Kuna mkondo wa maji unaoitwa Benguela, unapanda kutoka kusini ukifuata pwani, na upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali, hivyo maji ya baridi yanatoka chini kuchukua nafasi. Hewa yenye unyevu ikitoka bahari kuu na kupita juu ya maji hayo inapoa kutokea chini. Hewa iliyopoa ni nzito, haipandi juu, na isipopanda hakuna wingu la mvua. Inabaki imelala chini, na unyevu wake unageuka ukungu. Mkondo ule ule mmoja ndio unaonyima mvua na ndio unaoleta ukungu. Hao wanaokuambia "jangwa au ukungu, chagua moja" wanatenganisha ndugu wa tumbo moja.

Mkondo huo unakulisha hata wewe, mama. Maji yale ya chini yana chakula kingi cha samaki, na maboksi mengi ya tomsoni wa friza tunaowakaanga hapa yametoka Namibia.

Sasa simu yako. Ukiandika "Namibia" inakupa Windhoek, mji ulio juu ya milima, kama mita 1,650, zaidi ya kilomita 350 kwa barabara kutoka baharini. Andika "Swakopmund". Andika pia "Arandis", mji mdogo karibu na mgodi wa urani wa Rössing, kama kilomita 60 ndani, uone tofauti. Siku moja hiyohiyo, saa ileile, ufukweni mtu amefunga jaketi mpaka shingoni, na Arandis mtu yuko kwenye fulana. Hakuna programu ya safari ya maana kwa pwani ile isiyojua jambo hilo, kwa sababu ndilo linalokuambia cha kufanya asubuhi yenye ukungu: unapanda gari, unaelekea mashariki, baada ya nusu saa au saa moja umeingia kwenye jua. Huhitaji kungoja hotelini.

Kwamba hamtaona kitu, si kweli, lakini jueni saa. Ukungu kwa kawaida unaingia jioni au usiku, unalala na mji, unaondoka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kuna siku hauondoki kabisa. Asubuhi mtakuta lami imelowa, mabati yanadondosha, dereva anawasha waipa, na hakuna tone la mvua lililonyesha. Saa zetu na zao ni moja, lakini jua lao liko nyuma yetu karibu dakika 50 kwa kuwa wako magharibi zaidi. Mwezi wa nne, saa moja kamili asubuhi, ambapo hapa watoto wako njiani kwenda shule, kule jua bado halijachomoza, na ukungu juu yake. Msipange kitu cha mapema. Kuanzia saa nne nendeni mkaone ndege aina ya flamingo kwenye wangwa wa Walvis Bay, au matuta ya mchanga. Mtoto wa miaka 11 mwambie atafute mbawakawa weusi. Kuna aina yao inayopanda mpaka ncha ya tuta wakati wa ukungu, inainamisha kichwa na kuinua matako juu, ukungu unashika mgongoni, tone linakua, linateremka taratibu mpaka mdomoni. Ndivyo anavyokunywa. Huyo anaelewa hali ya hewa ya Swakopmund kuliko makomisioneri wote wa hapa mjini.

Cape Cross, kaskazini, kama kilomita 120, kuna sili wengi mno na harufu yao, watoto watafurahi na nyinyi mtafunika pua. Ni hapo Diogo Cão, yule Mreno aliyefika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, alisimamisha msalaba wa jiwe miaka michache baadaye. Kuoga baharini, sahauni. Si Dar es Salaam ile. Maji ni digrii 15 hivi na yanavuta. Watoto waishie kuchezea miguu karibu na Mole, ukuta wa mawe uliojengwa na Wajerumani, ambako mawimbi yametulia kidogo.

Kuna kitu kimoja ambacho hata wanaojua ukungu wanasahau. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano hivi, siku mojamoja, upepo unageuka unatoka mashariki, unateremka kutoka bara ukiwa mkavu na wa moto, na ule mji wa baridi unapanda zaidi ya digrii 30 kwa saa chache, mchanga ukipiga vioo vya magari. Unadumu siku moja, mbili, kisha ukungu unarudi. Ndiyo maana nguo nyepesi ulizonunua usizitupe. Zipange chini, juu yake pulova, juu kabisa jaketi linalozuia upepo, na kofia ya sufu kwa yule wa miaka 6. Zote mtazipata hapa kwenye mitumba kwa bei ya huruma. Kule mtazinunua dukani mkiwa tayari mnatetemeka, na muuzaji anawaona. Chumba, uliza kama kina hita na blanketi za ziada kabla ya kuuliza kama kina bwawa.

Bei zikikutisha, angalia ni dola gani. Dola ya Namibia ni sawasawa na randi moja ya Afrika Kusini, na randi inapokelewa kila mahali Namibia. Nimeona watu wakiacha hoteli nzuri kwa sababu walisoma "900" wakadhani ni dola za Marekani tunazotumia hapa.

Kama mtaendesha wenyewe: wanapita kushoto, kama Zambia. Ndani ya ukungu washeni taa za chini. Zile kali za juu zinapiga ukungu na kukurudia machoni. Na barabara za chumvi za kaskazini mwa Henties Bay zinaonekana kama lami safi, lakini zikilowa ukungu zinateleza kama sabuni. Bwana yako amezoea vumbi na mashimo, utelezi wa namna hiyo hajauona.

Sasa kadi ya njano, na hapa naomba usome na bwana yako.

Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Namibia inadai cheti kwa mtu anayetoka kwetu. Mtu anayekuambia "tusijisumbue kuchanjwa" anakuuzia karatasi. Kadi ina safu ya namba ya chanjo, sahihi ya mganga na muhuri wa kituo, na afisa wa afya mpakani anasoma safu hiyo kila siku ya kazi yake. Tuseme mmepita bila shida: mna watoto wawili wasio na kinga, na mnarudi nao Kongo, kwenye ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Mwaka 2016 homa ya manjano ilivuka kutoka Angola ikaingia kwetu, ikaua watu. Sindano inatolewa mara moja tu. Sijui ni usumbufu gani huo anaowaokoa nao.

Watu haohao wana biashara nyingine ya kadi. Wanakuambia ya bwana yako imekufa kwa sababu imeandikwa miaka 10, alipe mpya. Tangu mwezi wa saba 2016 cheti hicho ni cha maisha yote ya aliyechanjwa, hata kile cha zamani chenye tarehe ya kuisha. Kama bwana yako alichanjwa kweli, kadi yake ni nzima. Nimeona wazee wamelipia mara tatu kadi ambayo haikuwahi kufa.

Hawa si watu wa safari, mama, na ni wengi mjini. Wana simu yenye picha nzuri za matuta ya mchanga wakati wa jua kuzama, wana programu waliyonakili, na wana sentensi moja: "lete pasipoti na pesa, mengine niachie mimi." Ukimuuliza ukungu unaondoka saa ngapi, anacheka. Ukimuuliza anayelala Swakopmund mwezi wa kumi anajifunika nini, anakuambia jangwani hakuna baridi. Hivyohivyo anawauzia wengine Cape Town mwezi wa saba kama pwani ya kuoga, wakati huo ndio msimu wa mvua na baridi yao, na anawauzia Ulaya ya mwezi wa kumi na mbili kwa picha za mwezi wa saba. Pasipoti yenyewe usimwachie mtu wa barabarani hata siku moja. Viza muulize ubalozi wa Namibia ulioko Kinshasa, kwa maandishi, na ubaki na jibu lao mkononi. Mtu akikuletea programu, kabla ya bei mwambie akuonyeshe hali ya hewa ya mji wenyewe, kwa mwezi wenyewe, mchana na usiku. Asipoweza, hajawahi kumpeleka mtu huko, au amempeleka na hakujali alivyorudi.

Pesa ya kadi kama mmeshampa, mdaini. Watoto wapelekeni kwenye huduma ya usafi wa mipakani, wanakochanjia wasafiri, wiki hii, msingoje Pasaka ikaribie: cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na afisa wa mpakani anahesabu kuanzia tarehe ya sindano, si tarehe mliyolipa.