Vitabu vyangu vya mwaka mzima vimo kwenye kaunta buku moja

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili: programu gani ya simu inafaa kuorodhesha vitabu unavyosoma, na ufanyeje ili ufikishe vitabu 50 kabla mwaka haujaisha. Naomba nikujibu kwa urefu kidogo. Njia hiyo nimeipita yote, na nilikofika siko nilikokuwa nakwenda.

Mimi ni karani wa mizigo bandarini hapa Kigoma. Saruji inayovuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie, sisi ndio tunaoihesabu ikipakiwa. Mzee aliyenifundisha kazi alipenda kutuambia lile tunalolijua wote, mali bila daftari hupotea bila habari, halafu anaongeza la kwake: daftari linaloandikwa jioni kwa kukumbuka ni hadithi, si hesabu. Mfuko unauandika unapopita mbele ya macho yako. Uliopasuka unaandika umepasuka. Uliorudishwa ghalani unaandika umerudi. Kwa saruji ya watu niliifuata kanuni hiyo miaka mingi, na vitabu vyangu mwenyewe nikaviacha vipite hivihivi.

Nilianza na simu, kama unavyotaka kuanza wewe. Ilikuwa 2018. Programu yenyewe ilikuwa nzuri kwa vitabu vya Kiingereza: unaandika jina, jalada linatokea, unabonyeza, umemaliza. Vya Kiswahili vingi nilivyotafuta sikuviona, ikabidi niviingize kwa mkono, na baada ya muda nikachoka. Nikaanza kuviruka. Mwisho wa mwaka orodha ikaonyesha kwamba mimi ni msomaji wa Kiingereza mtupu, na kwa miezi kadhaa nilisadiki hivyo.

Mwaka uliofuata nikajiwekea lengo la vitabu 50. Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize vizuri, ndugu yangu. Kufika Novemba nilikuwa na 38. Nilikuwa katikati ya riwaya nene niliyoipenda sana, nimefika ukurasa wa 211, nikapiga hesabu kwamba ikibaki mkononi itanila wiki tatu. Nikaiweka chini. Nikaenda kutafuta vitabu vyembamba. Nilimaliza mwaka na 51, na siku ya mwisho niliona fahari kubwa. Leo ukiniuliza vile 13 vya mwisho vilihusu nini, naweza kukutajia viwili. Lengo lilikuwa linanichagulia vitabu, na lilichagua kwa unene.

Halafu 2020 simu ikaibiwa stesheni. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ambayo kijana mmoja wa dukani alinitengenezea siku niliyonunua simu, neno la siri silikumbuki, na namba ya simu nilikuwa nimeshabadilisha. Miaka miwili ya kusoma ikaenda na simu. Programu sina ugomvi nayo. Nililiumia lile pengo.

Januari 2021 nikanunua kaunta buku, lile la kwaya tatu lenye jalada gumu. Mwaka wa kwanza nikakosea tena. Niliandika majina ya vitabu tu, moja chini ya jingine, 34. Desemba nikalifungua nikakuta orodha isiyosema kitu. Ni sawa na kuandika "mifuko 34" bila kusema ya nini, imetoka wapi na imekwenda wapi. Bandarini karatasi kama hiyo ingerudishwa mezani kwangu.

Kwa hiyo 2022 nilipiga mistari kama tunavyopiga kazini. Kwenye kurasa mbili zinazotazamana naandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina na mwandishi, mchapishaji na mwaka wa chapa, idadi ya kurasa, lugha, kimetoka kwa nani, nilikisomea wapi, na mwisho nafasi ya mistari mitatu au minne ya maneno yangu. Nyota sitoi. Nilizitoa nikiwa kwenye simu, na nikirudi kutazama kitabu nilichokipa nyota nne sikumbuki kwa nini nne. Sentensi moja ya kweli, hata kama mbaya, inanirudisha ndani ya kitabu papo hapo.

Kuhusu mchapishaji na mwaka wa chapa wengi wataona ni kazi bure. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, pale tunaporuka wote. Utakuta chapa ya ngapi, mwaka, na ile namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu. Za zamani zina tarakimu 10. Tangu mwanzo wa 2007 ni 13. Kama inaanza na 9976 au 9987, au tarakimu hizo zinafuata mara baada ya 978, basi kitabu kimepewa namba Tanzania. 9966 ni Kenya. Nilirudi kwenye ile orodha ya 2021 nikaangalia vile nilivyokuwa bado navyo au nilivyoweza kuvikuta kwa wenyewe. Vya Tanzania vilikuwa tisa tu. Hakuna aliyenikataza kusoma vya nyumbani, na kwa hisia zangu ningekuapia kwamba nusu nzima ni vya Kiswahili. Kuanzia hapo nikawa natafuta kwa makusudi.

Sababu ya pili niliipata ndani ya treni. Nilikuwa nakwenda Tabora kwa dada yangu, nina riwaya mkononi, nimefika ukurasa wa 87. Kijana aliyekaa mbele yangu akaniomba aiangalie kidogo wakati mimi nasinzia. Nilipozinduka tumeshaiacha Kaliua, kijana kashuka, kitabu nacho kimeshuka. Naamini aliteremka kwa haraka kikiwa mkononi, maana wanaoiba kwenye treni hawaibi vitabu. Nilifika Tabora nikaandika kwenye daftari: kimeishia uk. 87. Baada ya mwaka na zaidi nikapata nakala nyingine, nikafungua 87 kwa furaha, nikakuta watu nisiowajua wanazungumza mambo nisiyoyajua. Ilikuwa chapa nyingine, yenye herufi ndogo, na kurasa haziendi sawa. Tangu siku hiyo kitabu ninachokiacha njiani nakiandikia sura na tukio la mwisho, ukurasa baadaye.

Na ndiyo, vya kuachwa njiani viandikwe. Hilo ni la lazima. Mfuko uliopasuka haufichwi. Mimi naandika "nimeacha" na sababu: lugha ngumu, nimechoka, mwenyewe kakihitaji, sikukipenda. Mwaka 2023 nilikuwa na "nimeacha" saba, na nne kati yake ziliangukia Machi na Aprili, miezi ambayo mama alikuwa amelazwa. Nilikuwa najilaumu kwamba nimekuwa mvivu wa kusoma. Daftari likanionyesha tarehe.

Sasa hesabu yenyewe. Utakutana na maswali ambayo programu haitakuuliza. Nagona ya Kezilahabi haina hata kurasa 100. Mimi ilinichukua siku 19, nikirudi nyuma karibu kila sura, na bado nina maeneo ambayo sijayaelewa. Kwenye orodha ni kitabu kimoja. Hadithi ya upelelezi ya kurasa 300 niliyoimeza kwa usiku mbili, kimoja pia. Ndiyo maana jumla ya mwaka siiandiki tena kwa herufi kubwa. Ipo, ukitaka kuhesabu mistari utahesabu.

Kitabu kilekile kwa lugha mbili je? Mwaka 2022 niliazimwa Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ile iliyotoka 1994, kwa sababu tangu apate Nobeli 2021 kila mtu alikuwa anamtaja na mimi sikuwa nimemsoma. Mwaka uliofuata nikapata Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliandika mistari miwili, wala sijutii. Kwa Kiingereza nilifuata safari. Kwa Kiswahili nilisikia sauti. Ni habari za misafara ya biashara inayotoka pwani kuja bara, na mimi nimezaliwa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, chini ya miembe ambayo wazee wetu wanaihusisha na misafara hiyohiyo. Wafanyabiashara wa kitabuni walipoongea Kiswahili, kwangu waliongea kama babu zangu barazani. Vitabu viwili, kwangu mimi.

Kinachorudiwa nacho nakipa mstari mpya. Kuli ya Adam Shafi tulikisoma shuleni. Kilitoka 1979, kinahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Nilikirudia 2022 nikiwa na miaka kumi bandarini, na kwenye nafasi yangu niliandika hivi: "Shuleni nilisoma habari za mgomo. Safari hii nimesoma habari za mabega." Bila mstari huo ningesema tu kwamba nimeshakisoma.

Msahafu siuandiki. Ile ni ibada, haiingii kwenye orodha moja na riwaya. Hadithi ninazomsomea binti yangu kabla ya kulala zina ukurasa wake mwishoni mwa daftari, na humo anaandika yeye mwenyewe, kwa penseli.

Nikuambie sasa safu iliyonibadilisha kuliko zote: "kimetoka kwa nani". Hapa kwetu vitabu vya kununua si vingi, tunaishi kwa kuazimana, kwa maktaba, na kwa ndugu anayepita Dar es Salaam na nafasi kidogo kwenye begi. Mwisho wa 2022 nilisoma safu hiyo kutoka juu hadi chini. Vitabu 29. Kumi na moja vimetoka kwa mtu mmoja, mwalimu mstaafu wa pale Ujiji ambaye mimi humpitia kila ninapotoka msikitini. Kumi na moja! Kichwani mwangu ilikuwa "huwa ananiazima mara mojamoja". Na kwenye kurasa za nyuma, ninapoandika vitabu nilivyowapa watu, jina lake halikuwepo hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea viwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenirudishia?"

"Hapana, Mwalimu. Hivi ni vyangu. Nimekuletea usome."

Aliviangalia, akavigeuza, akavuta miwani. Akasema, "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza na wewe unasoma nini." Tangu hapo tunabadilishana kila mwezi, na ameniletea kaunta buku lake mwenyewe nimpigie mistari kama yangu. Yeye ameongeza safu ambayo mimi sikuifikiria: "nani mwingine akisome". Nimemwiga.

Hizo kurasa za nyuma nazo usizidharau. Bandarini hakuna kinachotoka getini bila sahihi, na nyumbani kwangu ni hivyohivyo: tarehe, jina la kitabu, jina la mchukuaji, namba yake ya simu, na anasaini mwenyewe. Mwanzoni rafiki zangu waliona nawadharau. Nikawaeleza kwamba na mimi nikichukua kwao nasaini kwenye daftari hilohilo, ndivyo ilivyo. Wakazoea. Vitabu vinarudi.

Mambo madogo ya kukusaidia. Usifungue kitabu kipya kabla hujaandika kilichoisha. Kanuni hii ukiivunja mara mbili daftari limekufa. Andika kwa kalamu ya wino wa kawaida, si ile ya majimaji, unyevu wa ziwa unaitawanya na mvua za Machi zinamalizia. Kila mwisho wa mwezi napiga picha kurasa zilizojaa na kumtumia dada yangu Tabora kwa WhatsApp, azihifadhi. Kwa hiyo simu bado ina kazi. Kama unapenda programu, itumie, ila ijazwe kutoka kwenye daftari.

Na zile 50? Ningekuwa wewe ningeifuta. Kama lazima uwe na lengo, jiwekee la namna nyingine: mwaka huu riwaya tatu za waandishi wanawake wa Kiswahili, au vitabu vyote vya mwandishi mmoja kwa mfuatano wa miaka aliyoviandika. Mimi mwaka huu lengo langu ni moja tu, kuimaliza ile riwaya niliyoiweka chini kwenye ukurasa wa 211. Nimeianza upya kutoka mwanzo.

Umesema tayari ni Agosti na hujaandika chochote. Chukua daftari leo, ukurasa wa kwanza andika vyote unavyovikumbuka tangu Januari, bila tarehe za kubuni, na juu yake weka neno "kwa kumbukumbu". Piga mstari mnene chini. Kitabu kilichoko kitandani kwako sasa hivi kianze ukurasa wa pili, na tarehe ya leo, na jina la aliyekuazima.