Maji au ethanoli (alkoholi) kwa kutoa antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia uharibifu wa oksidisho, kwenye tangawizi?
Ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Jinjeroli, ambazo ndizo antioksidanti kuu za tangawizi, haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Loweka gramu 10 za unga mkavu kwa mililita 100 za ethanoli hiyo, chupa ifungwe, ikae gizani saa 24 huku ukiitikisa kila ukipita, kisha chuja. Wengi huharibu kazi kwenye kukausha tangawizi: usizidishe nyuzi 50 za Selsiasi, maana joto kali hugeuza jinjeroli kuwa shogaoli (nayo ni antioksidanti nzuri, ila siyo uliyoikusudia). Moto wa wazi marufuku, mvuke wa ethanoli unashika moto haraka. Ukitumia tangawizi mbichi, maji yake yataizimua ethanoli, kwa hiyo anza na ethanoli kali zaidi.